Alizeti na Mshahara wa Nyuki

1. Mapepe

Mtu amepanda alizeti nyuma ya nyumba yake. Udongo ni mweusi na mzuri. Mvua imenyesha kwa wakati wake. Amepalilia mara mbili. Vichwa vya alizeti vimekuwa vikubwa kama sahani, na wapita njia husimama kuvitazama.

Siku ya mavuno inafika. Mtu huyu anavikata vichwa, anavianika juani, anavipiga kwa fimbo, kisha anapepeta. Tazama! Upepo unachukua mbegu nyingi mno. Kwa nje ni mbegu nzuri, lakini ndani hazina kitu. Ni mapepe.

Basi anatafuta mwenye kosa. Je, ni udongo? Udongo ni uleule uliozaa mahindi mazuri mwaka jana. Je, ni mvua? Mvua haikukosa. Je, ni jicho baya la jirani? Hapana, jicho la mtu haliwezi kutoboa ganda la mbegu na kula kilichomo.

Mara nyingi kosa ni hili: mfanyakazi mmoja hakufika kazini. Mfanyakazi huyo ni mdogo kuliko punje ya haragwe. Hana jembe wala panga. Hakuitwa na mtu, wala hakuandikwa katika daftari. Lakini bila yeye kazi yote ya jembe haikamiliki. Mfanyakazi huyo ni nyuki.

Nyuki hafanyi kazi bure. Ua linamlipa. Anayejua jinsi ua linavyomlipa nyuki ataelewa kwa nini siku nyingine nyuki wanakuja kwa wingi, na siku nyingine hawaji.

2. Ua moja ni kijiji

Chukua kichwa kimoja cha alizeti kilichofunguka. Watu husema: "Hili ni ua." Lakini si ua moja. Ni kijiji kizima cha maua.

Pembeni kuna majani ya manjano yaliyozunguka kama miali ya jua. Kila jani la manjano ni ua moja. Katikati kuna duara pana lenye rangi ya kahawia. Duara hilo limejaa maua madogo sana, yaliyosimama pamoja kama watu katika uwanja wa soko. Kichwa kikubwa kina maua madogo elfu moja, au hata elfu mbili. Kila ua dogo la katikati linaweza kuzaa mbegu moja. Ndiyo sababu kichwa kimoja kinaweza kujaza kikombe.

Maua haya madogo hayakupangwa ovyo. Ukitazama vizuri utaona mistari inayozunguka kwa kupinda, mingine kuelekea kuume, mingine kuelekea kushoto. Ihesabu. Mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Kwa mpango huu hakuna nafasi inayopotea.

Alizeti ina ndugu wengi. Jamaa yake ni mojawapo ya jamaa kubwa kuliko zote za mimea: ina aina zaidi ya 24,000 duniani. Wengine tunawajua vizuri. Kuna kishona-nguo, ambacho mbegu zake nyeusi hushika suruali na sketi za watoto wanaopita porini. Kuna mubirizi, wenye majani machungu ambayo wazee wa Kivu huyatumia kama dawa. Kuna saladi ya bustanini. Kuna pareto ya milimani. Kuna alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano inayojaa kandokando ya barabara. Hata ile mimea ya ajabu iliyosimama kama watu katika baridi ya juu ya Ruwenzori na Karisimbi ni ya jamaa hii. Wote wana alama moja: maua madogo mengi yamekusanyika pamoja, hata yanaonekana kama ua moja.

Kwa nini yamekusanyika? Ua moja dogo peke yake nani angeliona? Lakini maua elfu yakisimama pamoja, nyuki huyaona kutoka mbali.

3. Bendera ya kijiji

Sasa rudi kwenye majani ya manjano ya pembeni. Ng'oa moja. Tafuta ndani yake maji matamu: hayamo. Tafuta unga: haumo. Ngoja mavuno uone kama litazaa mbegu: halizai. Maua ya pembeni ya alizeti ni tasa.

Je, yana kazi gani? Hayo ni bendera. Mwenye duka huweka kibao mlangoni ili wanunuzi waone kwamba duka liko hapa. Kibao hakiliwi, lakini bila kibao mgeni angepita.

Macho ya nyuki si kama macho ya mtu. Mwaka 1914 mtaalamu mmoja kutoka Austria, Karl von Frisch, alionyesha kwa majaribio kwamba nyuki wanatambua rangi. Alitia maji ya sukari juu ya karatasi za rangi, na nyuki wakajifunza kuijua rangi yenye sukari. Manjano na buluu wanaziona vizuri. Nyekundu kwao ni kama nyeusi. Lakini wanaona mwanga mmoja ambao macho ya mtu hayauoni kabisa. Kwa mwanga huo, majani ya manjano ya alizeti yanang'aa kwenye ncha na yana giza karibu na katikati. Sisi tunaona manjano tupu. Nyuki anaona duara jeusi ndani ya duara linalong'aa, kama shabaha ya mpiga mshale. Mahali penye giza ndipo penye chakula.

4. Mshahara: maji matamu

Bendera inaita, lakini haishibishi. Mfanyakazi akifika asipewe kitu, kesho haji. Basi ua linampa mshahara.

Chini kabisa ya kila ua dogo la katikati kuna tone la maji matamu. Vitabu huyaita nekta. Ni maji yenye sukari. Nyuki huyanyonya kwa ulimi wake mrefu, huyaweka katika kifuko kilicho ndani ya tumbo, na huyapeleka nyumbani. Huko nyuki wengine huyapokea kwa midomo yao, huyapunguza maji kwa kupepea mabawa, na mwisho yanakuwa asali. Nekta ni nguvu ya kurukia. Nyuki bila nekta ni kama gari bila mafuta.

Tone hilo ni dogo mno. Katika ua moja dogo halifikii hata sehemu moja ya elfu ya mililita. Je, alizeti ni bahili? Hapana, ni mwenye akili. Fikiri: kama ua moja lingempa nyuki shibe yote ya siku, nyuki angekunywa, angerudi nyumbani, na kazi ingekuwa imekwisha hapo. Kwa kuwa tone ni dogo, nyuki lazima aende kwenye ua la pili, na la tatu, na la mia. Haba na haba hujaza kibaba. Na kama tone lingekuwa dogo kupita kiasi, nyuki angekata tamaa na kwenda kutafuta maua mengine. Mshahara wa kutosha, wala si wa kupita kiasi: ndiyo hekima ya ua.

Tena, mshahara lazima uweze kufikiwa. Ua dogo la alizeti ni kama chupa nyembamba. Chupa ikiwa ndefu sana, ulimi wa nyuki haufiki chini. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani waliopima aina mbalimbali za alizeti walitangaza habari hii: nyuki huzitembelea zaidi zile zenye sukari nyingi katika nekta, na zile ambazo maua yake madogo ni mafupi. Sukari ambayo ulimi hauifikii ni kama pesa zilizofungiwa katika sanduku lisilo na ufunguo.

5. Jinsi kazi inavyofanyika

Nyuki anadhani amekuja kunywa tu. Hajui kwamba amefanya kazi. Tuone kazi yenyewe.

Maua madogo ya alizeti hayafunguki yote siku moja. Yanaanza pembeni, kisha kila siku mviringo mwingine unafunguka, ukielekea katikati. Kichwa kimoja hukaa na maua kwa muda wa siku tano hadi kumi.

Ua dogo likifunguka, siku ya kwanza ni la kiume. Kimrija cheusi kinatokeza juu. Ndani ya kimrija hicho kuna unga wa manjano, ambao vitabu huuita chavua. Chini ya unga kuna kijiti cha kike kinachokua. Kijiti kinapanda ndani ya kimrija na kuusukuma unga nje, kama mtu anayesukuma kizibo cha chupa kwa kidole. Unga unatoka juu na kungoja.

Siku ya pili kijiti chenyewe kinatokea. Ncha yake inapasuka na kuwa na midomo miwili iliyopinda. Sasa ua ni la kike. Midomo hiyo inangoja unga kutoka ua lingine. Punje ya unga ikitua pale, inaota na kushuka ndani ya kijiti mpaka kwenye kifuko cha mbegu, na mbegu inaanza kujaa. Unga usipofika, mbegu inaweza kubaki pepe.

Angalia jambo hili kwa makini. Ua la kiume lina nekta. Ua la kike lina nekta vilevile. Kama nekta ingekuwa katika maua ya kiume peke yake, nyuki wangekwenda huko tu, na midomo ya maua ya kike ingengoja bure. Lakini nyuki mwenye kiu anatembea juu ya kichwa chote, kutoka mviringo mmoja hadi mwingine. Mwili wake una manyoya, na unga unashika katika manyoya hayo. Anaporuka kwenda mmea wa pili, anaubeba. Anapokanyaga midomo ya ua la kike, anauacha. Hivyo mmea huu unapata unga wa mmea ule, bila miguu na bila mikono.

Alizeti nyingi zinazolimwa siku hizi zinaweza pia kujisaidia zenyewe kidogo: midomo isipopata unga wa mgeni, inajikunja nyuma mpaka iguse unga wa ua lake. Lakini alizeti ya porini, kule Amerika ya Kaskazini ilikotoka, haikubali unga wake yenyewe. Na hata hizi za mashambani, mara nyingi nyuki wakija zinajaza mbegu vizuri zaidi.

6. Mwalimu aliyetazama maua

Siri hii haikujulikana siku zote. Zamani watu wengi walidhani maji matamu ya ua hayana kazi yoyote kwa ua lenyewe, na kwamba nyuki ni mwizi tu.

Katika mji wa Spandau, nchi ya Ujerumani, alikuwako mwalimu mkuu wa shule, jina lake Christian Konrad Sprengel. Alizaliwa mwaka 1750. Alipenda kukaa kimya mbele ya maua kwa saa nyingi, katika jua na katika upepo, akitazama nani anakuja na anafanya nini. Mwaka 1793 alitoa kitabu kikubwa chenye picha nyingi. Alieleza kwamba nekta ni malipo, kwamba rangi za ua zinamwonyesha mdudu njia, na kwamba mdudu analipa kwa kupeleka unga. Aliona pia kwamba katika maua mengi sehemu ya kiume na sehemu ya kike haziwi tayari kwa wakati mmoja.

Wenye elimu wa siku zile hawakumsikiliza sana. Mwaka 1794 aliondoka katika kazi yake ya shule. Alikufa mwaka 1816, na kitabu chake kilikuwa karibu kusahauliwa. Baadaye, mwaka 1841, Mwingereza Charles Darwin alikisoma, akakisifu, akayaendeleza majaribio. Ndipo dunia ilipotambua kwamba mwalimu yule alikuwa ameona kweli. Hakuwa na vyombo vya gharama. Alikuwa na macho yake na uvumilivu.

7. Posho: unga wa maua

Zamani mfanyakazi wa kampuni alipokea mshahara na posho. Nyuki naye anapokea vyote viwili. Nekta ni mshahara. Unga ni posho. Nekta ni nguvu ya yule anayeruka. Unga ni chakula cha watoto walioko nyumbani.

Mtazame nyuki anayerudi mzingani. Kwenye miguu yake ya nyuma utaona vidonge viwili vya manjano. Hicho ni kikapu cha posho. Ndani ya unga mna protini na mafuta. Bila unga watoto wa nyuki hawakui, na kijiji cha nyuki kinakwisha.

Lakini posho si zote zenye nguvu sawa. Kila mama wa Kivu anajua kwamba mtoto anayelishwa ugali wa muhogo peke yake, bila maharagwe, bila samaki, bila sombe, anashikwa na bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa. Unga wa alizeti ni hivyo kwa nyuki wa asali. Protini yake ni chache kuliko ile ya maua mengi mengine, nayo imepungukiwa na baadhi ya vijenzi ambavyo mwili wa nyuki unavihitaji. Nyuki waliofungiwa na kulishwa unga wa alizeti peke yake waliishi siku chache kuliko wenzao waliopewa unga mzuri zaidi. Zaidi ya hayo, punje za unga wa jamaa ya alizeti zina ganda gumu lenye miiba midogo kila upande. Macho hayaioni, lakini ukiiweka chini ya darubini ni kama nungunungu.

Hapa pana fumbo. Nyuki wengine wanaoishi peke yao, bila malkia na bila mzinga, hawachukui unga wowote isipokuwa ule wa jamaa ya alizeti. Na nyuki wengine wanaokula maua ya kila namna huuepuka unga huohuo. Mwaka 2008 wataalamu wawili, Müller na Kuhlmann, walilichunguza jambo hili katika kundi moja la nyuki na kuliita fumbo la jamaa hii. Maua yamejaa kila mahali, unga ni mwingi, na bado wengi hawautaki.

Kwa nini ua litoe posho hafifu? Labda sababu ni hii: unga ni mbegu ya kiume ya mmea wenyewe. Kila punje inayoliwa ni punje iliyopotea. Ua linataka nyuki abebe unga, si aumalize. Basi linampa mshahara mtamu wa nekta, lakini kwa unga mkono wake ni mzito.

8. Posho iliyo dawa

Sasa sikia jambo la kushangaza. Chakula hafifu kinaweza kuwa dawa.

Katika nchi za baridi wako nyuki wanene wenye manyoya mengi, ambao hapa Kongo hawako. Matumbo yao husumbuliwa na kijidudu kidogo kinachowadhoofisha. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba nyuki hao, wakilishwa unga wa alizeti kwa siku chache, kijidudu kile kinapungua sana tumboni mwao. Mwaka 2023 wataalamu walieleza sababu: si dawa iliyofichwa ndani ya unga, bali ni ile miiba ya ganda lake. Ganda tupu lenye miiba, hata bila kilichomo ndani, linafanya kazi hiyo.

Kuna pia nyuki fulani wa Amerika anayejenga vyumba vidogo na kuweka unga kwa ajili ya mtoto wake. Nyigu mwizi huingia na kutaga yai lake humo, ili mtoto wake ale posho ya mwingine. Mwaka 2016 ilionekana kwamba posho ikiwa ya jamaa ya alizeti, watoto wa nyigu wanaoendelea kuishi ni wachache zaidi. Mwenye nyumba amezoea chakula kile kigumu, mwizi kinamshinda.

Basi tusiseme haraka kwamba unga wa alizeti ni mbaya. Peke yake haumtoshi nyuki wa asali. Pamoja na unga wa maua mengine una faida yake. Ni kama mubirizi: hakuna anayeupika uwe chakula cha kila siku, lakini siku ya ugonjwa wazee wanautafuta.

9. Saa ya kulipa

Mfanyakazi hodari huamka mapema, na mwenye kazi naye lazima afungue mlango mapema. Alizeti changa hulifuata jua, kutoka mashariki asubuhi hadi magharibi jioni. Lakini ikikomaa na kufungua maua, inasimama, ikitazama mashariki siku zote. Kwa nini mashariki?

Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walitangaza jaribio rahisi. Walichukua alizeti zilizopandwa katika vyungu. Nyingine waliziacha zitazame mashariki, nyingine walizigeuza zitazame magharibi. Asubuhi, vichwa vilivyotazama mashariki vilipata joto la jua upesi, na wadudu waliovitembelea walikuwa mara tano zaidi ya wale waliokwenda kwenye vichwa vya magharibi. Walipovipasha joto vichwa vya magharibi kwa chombo, wadudu waliongezeka. Basi joto la asubuhi nalo ni sehemu ya mapokezi ya nyuki.

10. Wafanyakazi wa namna mbili

Wanaozalisha mbegu za alizeti za kuuza kwa wakulima hupanda mistari ya namna mbili: mistari yenye unga na mistari isiyo na unga. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1969, Mfaransa Patrice Leclercq alipopata alizeti isiyotoa unga. Mistari isiyo na unga inangoja unga wa mistari jirani. Hapo mwenye shamba anagundua jambo: nyuki wanaotafuta unga ni nadra kwenda kwenye mistari isiyo na unga. Wataenda kufanya nini? Wanaotafuta nekta tu ndio wanaopita pande zote mbili. Kwa hiyo mstari usio na unga ukikosa na nekta pia, hautembelewi, na mbegu hazijai.

Katika California, mwaka 2006, wataalamu wawili walieleza kwamba nyuki wa porini huwasaidia nyuki wa mzinga. Nyuki wa porini wanapokutana nao juu ya kichwa cha alizeti, huwasumbua na kuwafanya waruke kwenda mstari mwingine. Kwa kusukumana huko, kazi ya nyuki wa mzinga iliongezeka hata mara tano. Mashamba yaliyokuwa na nyuki wengi wa porini yalifaidika hivyo.

11. Ndugu mwenye sumu

Katika nyanda za juu za Kivu ya Kaskazini watu hulima pareto. Ua lake ni jeupe pembeni na la manjano katikati. Ni ndugu wa alizeti. Asili yake ni Dalmatia, nchi iliyo kando ya bahari ya Adriatiki. Maua yake hukaushwa na kusagwa, na ndani yake hutoka dawa ya kuua wadudu. Sumu hiyo kwa sehemu kubwa iko katika mbegu changa chini ya ua.

Tazama ajabu hii: pareto inatuletea sumu ya wadudu, na pareto yenyewe inawahitaji wadudu ili izae mbegu, kwa maana haiwezi kujitosheleza kwa unga wake. Mmea unajua kuweka kila kitu mahali pake: malipo kwa yule anayekuja kutumika, sumu kwa yule anayekuja kutafuna mbegu. Mtu akichukua sumu na kuimwaga kila mahali, hatofautishi tena mwizi na mfanyakazi.

12. Tufanye nini?

Sasa yule mwenye shamba la mapepe anaweza kuelewa. Pengine alinyunyiza dawa saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini. Pengine jirani alichoma moto mzinga ili apate asali ya siku moja, akawaua waliompa asali ya miaka. Pengine kichaka chote kilifyekwa, na nyuki wa porini wakakosa mahali pa kukaa.

Basi tushike mambo haya manne.

Kwanza: usinyunyize dawa juu ya maua yaliyofunguka. Ikiwa ni lazima, fanya jioni, nyuki wakiisha kurudi kwao.

Pili: acha mstari wa maua ya porini kando ya shamba. Kishona-nguo katikati ya maharagwe ni adui, king'olewe. Lakini kando ya njia ni duka la nyuki, kabla alizeti haijafunguka na baada ya kufungwa kwake. Hata alizeti mwitu ya barabarani, iliyotoka Meksiko, inawapa nyuki chakula, na majani yake yakikatwa na kufukiwa yanatia rutuba udongoni.

Tatu: panda vitu vya namna nyingi. Alizeti peke yake ni kama muhogo peke yake. Maharagwe, kahawa, avoka, maboga na mikalitusi vinamwongezea nyuki chakula, kila kimoja kwa wakati wake.

Nne: ukichukua asali, tumia moshi, si moto. Acha masega mengine yenye watoto na chakula.

Fuata nyuki ule asali, wazee walisema. Lakini atakayemfuata nyuki lazima amwache akiwa hai.

Kazi ya mikono

Katika shamba la shule chagua vichwa viwili vya alizeti ambavyo havijafunguka bado, vyenye ukubwa sawa. Kimoja kifunike kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa kamba, ili mdudu asiingie. Cha pili kiache wazi. Maua yakiisha kukauka, ondoa chandarua. Siku ya mavuno hesabu mbegu mia moja kutoka kila kichwa. Mapepe ni mangapi huku? Ni mangapi kule? Andika hesabu yako katika daftari.

Maswali

1. Kwa nini kichwa cha alizeti kinaitwa kijiji?
2. Maua ya pembeni yana kazi gani, ikiwa hayana nekta wala unga?
3. Ingekuwaje kama nekta ingepatikana katika maua ya kiume peke yake?
4. Eleza tofauti ya mshahara na posho ya nyuki.
5. Kwa nini unga wa alizeti umefananishwa na ugali wa muhogo? Na kwa nini umefananishwa na mubirizi?
6. Nyumbani kwenu, ni maua gani yanayopendwa na nyuki? Andika majina matano, na mwezi ambao kila ua linafunguka.